Dereva wa Karatasi

Kalamu ya Meja Nashaat bado iko hewani, wasomaji, pale pale ilipoishia wiki iliyopita, na mkono ulioishika umeanza kuchoka.

"Narudia swali," alisema Meja. "Gari hili ni lako au si lako?"

Wagdi Lamloum, fundi miwani wa Tanta, aliitazama picha iliyowekwa mbele yake. Gari jeupe. Taa ya kulia imepasuka. Kioo cha mbele kimebonyea na kufanya nyufa kama utando wa buibui. Na kwenye waipa, mkate mmoja wa duara umenasa, mzima, kama vile umetoka tanurini sasa hivi.

Aliigeuza picha kifudifudi.

Kwa asiyeujua mkasa huu, na aujue upesi, maana leo hatuna pa kupumzikia. Mguu wa kulia wa Wagdi ulinyauka kwa polio akiwa na miaka mitatu. Kwa ajili ya mguu huo serikali ilimruhusu kuingiza gari bila kulipa ushuru wa forodha. Sharti lilikuwa gumu: miaka mitano asiliuze, na asiliendeshe mtu yeyote ila yeye mwenyewe au dereva aliyemwajiri na kumwandikisha bima ya kazi.

Wagdi alilikalia siku arobaini. Siku ya arobaini na moja alimuuzia Bahgat Zaytun, muuza vigae, kwa njia ile ile wanayoitumia wengi: hati ya uwakala. Mhuri wa ofisi ya usajili, funguo mkononi, kwaheri. Hati ilimruhusu Bahgat kufanya na gari chochote kwa jina la Wagdi, na ili trafiki wasimsumbue barabarani, kwenye makaratasi akaandikwa dereva. Naam, mnunuzi akageuka mwajiriwa wa muuzaji. Mkataba wa mauzo hawakuuandika kabisa. Mkataba ungekuwa ushahidi wa kosa.

Miaka mitatu ilipita kimya. Kisha juzi, saa tatu asubuhi, gari lile lilimgonga Atiya, msambaza mikate, akiwa juu ya baiskeli na chaga la mikate kichwani. Dereva aliliacha gari nyuma ya kiwanda cha matofali akatoweka. Namba za gari zilisema Wagdi Lamloum. Leseni ilisema Wagdi Lamloum. Bima ilisema Wagdi Lamloum.

Akisema aliliuza, amekwepa ushuru: forodha watamdai wote, na faini juu yake, na kifungo juu ya faini. Akisema ni lake, basi nani alikuwa kwenye usukani?

"Limeandikwa kwa jina langu, Afande."

"Sikukuuliza limeandikwaje. Mwanangu ameandikwa kwa jina la babu yake, na babu yake yuko kaburini. Nani aliliendesha juzi?"

"Nina dereva."

Kalamu ilishuka. Meja Nashaat alicheka kwa pua.

"Una dereva! Mimi meja wa polisi naendesha mwenyewe, napigana na foleni kama mbwa, na fundi miwani ana dereva. Haya. Nataka nimwone huyo dereva."

"Nitamleta."

"Una muda mpaka adhana ya alasiri. Ukija naye, nitamuuliza yeye. Ukija peke yako, dereva ni wewe, na leo hii hii unaingia ndani. Na umwombe Mungu yule mwoka mikate asife, Ustadhi Wagdi. Akifa, kosa linabadilika jina."

Wagdi alichukua magongo yake. Hakumrekebisha kwamba Atiya hakuwa mwoka mikate. Alikuwa mbebaji tu.

*

Mkewe, Enayat, alikuwa amesimama nje kwenye jua tangu asubuhi.

"Wamekuachia?"

"Wamenikopesha muda wa saa tatu."

"Twende kwa Bahgat."

"Nitaenda peke yangu, Mama Nihal."

"Ukaongee naye kistaarabu? Akupe chai, akupe kahawa, urudi mikono mitupu? Miaka mitatu nimekuvumilia na ustaarabu wako. Teksi!"

Duka la Bahgat Zaytun lilikuwa linang'aa kuanzia sakafu hadi dari, vigae vya kila rangi, na Bahgat mwenyewe katikati yao, mnene, amenyoa, ananukia. Alipowaona alifungua mikono yote miwili.

"Bosi! Mwajiri wangu! Leo umeniletea mshahara?"

Ulikuwa mzaha wao wa zamani. Kila walipokutana msikitini au harusini, Bahgat alimwita bosi na watu walicheka bila kujua wanacheka nini. Leo hakucheka mtu.

"Chai kwa wageni!" Bahgat alipaza sauti.

"Chai kunywa wewe," alisema Enayat. "Itakusaidia kumeza uongo."

"Shemeji, tumeanza na matusi?"

Wagdi aliegemea meza. "Bahgat, nisikilize. Leseni ya gari iko hai. Bima imelipwa. Wewe umeandikwa dereva wangu, kwa hiyo sheria inakutambua. Njoo polisi useme ulikuwa wewe. Kampuni ya bima itamlipa Atiya, wewe utapata dhamana, na hakuna atakayeuliza habari za mauzo. Ajali humpata mtu yeyote. Aibu ni kukimbia."

Bahgat aliwatazama kwa upole mkubwa, upole wa mtu anayekata kitambaa kisicho chake.

"Ningekuja, bosi wangu. Wallahi ningekuja. Tatizo ni kwamba mimi si dereva wako."

"Unasemaje?"

"Nilijiuzulu."

Enayat alicheka, kicheko kikavu kimoja. Kisha akaona kwamba Bahgat hatanii.

Bahgat alivuta droo. Alitoa karatasi mbili zilizokunjwa vizuri na kuziweka juu ya kigae cha bluu, moja kando ya nyingine, kama mtu anayepanga mezani vyakula vya wageni.

"Hii ya ofisi ya bima ya jamii. Soma mhuri. Machi. 'Dereva Bahgat Zaytun ameacha kazi kwa hiari yake.' Na hii ya ofisi ya usajili. Siku hiyo hiyo. Hati ya uwakala imefutwa, mimi mwenyewe nimeirudisha."

Wagdi alizisoma mara mbili. Yeye aliyezoea kuwasahihishia watu macho, herufi zilimcheza.

"Machi," alisema polepole. "Machi ndipo walipoanza kukagua magari ya walemavu barabarani."

"Sijui walianza lini. Mimi nauza vigae."

"Ulijitoa kwenye karatasi ukabaki na gari!"

"Gari gani?"

"Mbona hukutuambia?" aliuliza Enayat.

"Nilituma barua ya rejista. Kwenye duka lenu la zamani, karibu na stesheni. Kwani mmehama?"

Walikuwa wamehama miaka miwili iliyopita, na Bahgat ndiye aliyeweka vigae vya duka jipya.

Enayat alisogea mpaka pumzi yake ikamfikia Bahgat usoni. "Jumatano nilikuona. Kwenye foleni ya mafuta. Mkono nje ya dirisha, pete mbili kidoleni, unapiga miluzi. Gari hilo hilo."

"Basi kamwambie Meja," alisema Bahgat, bila kurudi nyuma hata hatua moja. "Mwambie hivi: 'Afande, nimemwona mtu tuliyemuuzia gari ambalo serikali ilitukataza kuuza.' Atakushukuru sana, shemeji. Atakuwa amemaliza kesi. Ya kwenu. Halafu akiniuliza mimi, nitasema nilinunua nini? Mkataba uko wapi? Nani alitia saini?"

Hapakuwa na mkataba. Wote watatu walijua kwa nini.

"Chukua ushauri wa mtu anayekupenda, bosi," Bahgat aliendelea. "Sema ulikuwa wewe. Una leseni, una bima. Hakimu akiuona mguu huo atalia. Utapata kifungo cha nje, kampuni italipa, na kesi ya ushuru haitazaliwa. Mguu umekupa gari, sasa uache ukupe na msamaha."

Kwa miaka hamsini na moja Wagdi hakuwahi kumwinulia mtu gongo. Lilinyanyuka lenyewe. Bahgat aliruka pembeni, na pigo likatua kwenye ukuta wa maonyesho. Vigae sita vilishuka kwa mlio wa sahani za harusi.

"Hivyo," alisema Bahgat, uso umempauka lakini sauti ikiwa ile ile, "tutavikata kwenye mshahara."

*

Teksi ilikuwa inavuka daraja la reli.

"Nitasema ukweli," alisema Wagdi. "Niliuza. Wanifunge kwa ushuru."

Enayat alikaza kitambaa chake cha kichwa. Alikuwa amelitafakari hilo kabla yake. "Watachukua duka."

"Watachukua duka."

"Na mashine ya kusagia vioo."

"Na mashine."

"Wachukue," alisema. "Ushuru tutaulipa hata tukila maharage asubuhi na jioni. Lakini watu wasije wakamwambia Nihal kwamba babake alimgonga mtu akamwacha barabarani anagalagala. Sema ukweli, Baba Nihal. Mimi nitakuletea chakula jela, na nitakuwa nakukaripia kila Ijumaa usije ukajisahau."

Wagdi alitaka kutabasamu. Kwa mara ya kwanza tangu juzi kifua chake kilikuwa chepesi.

Uwepesi huo ulidumu mpaka kwenye ngazi za kituo cha polisi.

Juu ya ngazi alikaa mwanamke mwenye gauni jeusi lililoingia vumbi la unga kwenye mikono. Alipoona magongo, alisimama.

"Wewe ndiye Ustadhi Wagdi."

"Ndiye mimi."

"Naitwa Sabah. Mke wa Atiya."

Enayat alijitia katikati yao kwa haraka, akidhani yanafuata makofi. Sabah hakuwa na makofi. Alikuwa na macho makavu, ya mtu ambaye machozi yalimwishia wodini.

"Anaendeleaje?" aliuliza Wagdi.

"Amefumbua macho leo alfajiri. Miguu haisikii. Daktari anasema uti wa mgongo." Alipangusa unga mikononi. "Atiya amesema dereva alishuka. Alikuja akamwinamia, akamtazama, akatazama huku na huku, kisha akakimbia. Mtu mnene, amesema. Ananukia."

"Sabah, dada yangu, mimi si yule..."

"Najua si wewe. Nimekuona ukipanda hizi ngazi."

"Basi Mungu ashukuriwe," alisema Enayat. "Ingia nasi umwambie Meja hivyo hivyo."

Sabah alitikisa kichwa.

"Nimetoka ofisi ya bima. Nimekaa pale tangu walipofungua. Karani amenionea huruma, amenisomea. Bima ya gari lile inamtambua Ustadhi na dereva wake aliyeandikwa. Akiwa mwingine, na ikijulikana gari liliuzwa kwa kukwepa ushuru, kama yanavyouzwa mengi ya walemavu, kampuni itaenda mahakamani kusema haihusiki. Karani amesema kesi kama hizo anazo za miaka saba, na wengine wamekufa wakisubiri." Alimshika Wagdi mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto. "Nina watoto wanne. Atiya hatabeba tena mkate. Sema ulikuwa wewe."

Teksi ilipita. Muuza tamia, zile bajia za maharage, upande wa pili wa barabara alikuwa anaita wateja.

"Unajua si mimi," alisema Wagdi, "na unataka niseme ni mimi."

"Ndiyo."

"Kwa nini usimwendee yule aliyemgonga?"

"Yule alimtazama mume wangu usoni akakimbia. Nikamwombe nini? Nimekuja kwako kwa sababu wewe una huruma. Nimeulizia mtaani kwako. Wamesema unawatengenezea miwani yatima bure."

Enayat alilipuka. "Kwa hiyo mtu mwema ndiye afungwe? Wako hospitali, wangu jela, na mwovu anauza vigae? Hiyo ndiyo haki uliyokuja nayo, dada?"

"Sikuja na haki," alisema Sabah. "Nimekuja na watoto wanne."

"Na mimi nina mume mmoja!"

"Mimi nilikuwa naye juzi asubuhi. Alikunywa chai amesimama."

Enayat alirudi nyuma hatua moja. Ilikuwa mara ya kwanza Wagdi kumwona akirudi nyuma, na jambo hilo lilimtisha kuliko Meja.

Msikiti wa jirani ukakohoa kwenye kipaza sauti. Adhana ya alasiri.

*

"Umekuja peke yako," alisema Meja Nashaat.

"Nimekuja peke yangu."

"Dereva?"

Wagdi alivuta pumzi. Nyuma yake, mlangoni, wake wawili wa watu walisimama bega kwa bega, mmoja akiomba aseme hivi, mwingine akiomba aseme vile. Alikuwa ameingia na neno moja kinywani: niliuza. Lilikuwa tayari. Lilikuwa juu ya ulimi.

"Nilikuwa mimi," alisema.

Enayat alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa sindano.

Meja hakuandika. Aliweka kalamu chini, akaegemea kiti, akamtazama Wagdi kuanzia kichwani mpaka kwenye kiatu cha kulia chenye soli nene.

"Wewe."

"Mimi. Nilishikwa na hofu, nikaliacha gari, nikaondoka."

"Ukaondoka. Kwa miguu. Kupitia shamba la kiwanda cha matofali, matope ya magotini."

"Ndiyo, Afande."

Meja alisimama. "Nifuate."

Uani, chini ya jua la alasiri, gari jeupe lilikuwa limeegeshwa. Walikuwa wamelikokota mchana ule. Mkate haukuwapo tena kwenye waipa. Walikuwapo askari wawili, wamekaa kwenye kivuli, wanakula mbegu za maboga.

"Kabla ya hapa nilikuwa trafiki miaka kumi na moja," alisema Meja, akifungua mlango wa dereva. "Magari ya walemavu nimeyakagua kwa mamia. Kaa."

Wagdi alijitupa kitini. Miaka mitatu hakuwa amekalia kiti hicho. Kilikuwa kimelala nyuma, kwa kipimo cha mtu mwenye tumbo. Mkono wake wa kushoto ulishuka wenyewe chini ya usukani kutafuta mkono wa chuma, ule waliomfungia pale bandarini, ambao yeye aliusukuma kwa kiganja ili kushika breki na kuuvuta ili kutia mafuta. Kiganja kilishika hewa. Palikuwa na matundu mawili ya skrubu, basi. Bahgat alikuwa ameung'oa.

Meja aliona kiganja kikitafuta. Alikuwa akikingojea.

"Gari hili haliendeshwi na mtu wa mguu mmoja," alisema kwa sauti ya chini, iliyokaribia kuwa ya kirafiki. "Nani amekununua, Ustadhi? Au nani amekutisha? Niambie jina la mwenye miguu miwili, urudi nyumbani."

Kwenye baraza Sabah alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Nimekwambia ni mimi."

Urafiki ulitoka usoni mwa Meja. Alitumbukiza ufunguo na kurudi nyuma. "Vizuri. Kutoka hapa mpaka getini. Liendeshe. Likifika, naandika ni wewe, na Mungu ni shahidi wangu nitakufunga. Lisipofika, mama yule aende kwake akajue kwamba nimepata mwongo, bado namtafuta dereva."

Askari waliacha mbegu.

Wagdi alishika paja lake la kulia kwa mikono miwili, akaunyanyua mguu ule mwembamba na kuuweka pembeni, kama mzigo wa mtu mwingine. Aliuvusha wa kushoto. Kiatu kiligusa chuma kimoja, kikagusa cha pili. Hakuwahi kukanyaga pedeli maishani mwake. Alizungusha ufunguo. Injini ilikohoa, ikashika. Akatia gia.

Gari liliruka kama punda aliyepigwa.

Askari mmoja alipiga kelele. Ua ulianza kukimbia pande zote mbili: ukuta, pipa la maji, pikipiki za polisi, uso wa Sabah. Wagdi alishika usukani kwa nguvu zote na kulielekeza gari getini. Hatua thelathini. Ishirini. Linafika. Kweli linafika! Ataandikwa, atafungwa, na watoto wanne watakula.

Ndipo Enayat alipotoka barazani mbio, kitambaa kimemdondoka kichwani, akasimama katikati ya geti, akafungua mikono yote miwili.

"Si yeye!" alipiga ukelele. "Hajui hata kulisimamisha! Afande, si yeye!"

Hatua kumi na mbili.

Mguu wa kushoto wa Wagdi uliinuka kutoka kwenye mafuta. Ulitafuta breki gizani chini ya usukani. Uligusa chuma. Ulikanyaga kwa uzito wake wote.

Injini ikanguruma zaidi.